Siku Cucu Alipoingia Katika Picha

Nilipokuwa bado wa kutumwa kuni na kubebeshwa mdogo wangu mgongoni, nyumbani kwetu watu hawakuhesabiwa. Madebe ya kahawa yalihesabiwa, siku za kungojea Krismasi zilihesabiwa, lakini watoto wa mtu, hapana, maana kuwahesabu kulikuwa kuwaitia balaa. Mgeni akimwuliza Mama ana watoto wangapi, Cucu, yaani nyanya yetu mzaa baba, alijibu kabla Mama hajafungua mdomo: "Ni hawa unaowaona, na wengine wameenda kucheza." Alisema hivyo hata kama sote tulikuwa tumejipanga pale mbele ya mgeni, kamasi zikitutoka, na hakuna aliyekuwa ameenda kucheza popote.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Wiki iliyopita alikuja hapa kwangu Ruiru na simu yake, akitaka kuzipiga picha zangu za zamani kabla unyevu haujazimaliza. Tulizimwaga mezani kutoka kwenye mkebe wa biskuti. Akapita harusi, akapita ubatizo, akapita kaka zangu wakiwa na suruali pana za enzi zile, kisha akaokota moja iliyokunjika pembe zote na kulainika kama kitambaa. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Shosho," akaniuliza, "huyu mama anayegombana na mpiga picha ni nani?"

Nilicheka mpaka ikabidi nivue miwani. Nikamwambia aweke simu chini, nimpe chai, nimweleze.

Katika picha ile Mama ameketi kwenye kiti cha mbao, amempakata mtoto. Watoto wengine wamesimama pande zote mbili, wamekauka kama vigingi. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ngazi ambazo hazielekei popote. Na kati ya Mama na zile ngazi amesimama bibi kizee mwenye ndewe ndefu za masikio, mdomo wazi, mkono wa kulia juu. Mkono wenyewe hauonekani vizuri. Umekuwa kama ukungu, kwa sababu haukutulia.

Leo nitahesabu waziwazi, na Cucu anisamehe. Tulikuwa watoto sita. Wa kwanza ni Kamau, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ndiye msomaji wa nyumba. Mimi Wairimu nilimfuata, nikiwa na miaka tisa hivi, na nilibeba jina la Cucu mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza. Baada yangu walikuja wengine watatu, kisha wa mwisho kabisa, Karanja. Karanja alikuwa anatembea na kutukana tayari, na Baba alikuwa hajamwona hata siku moja.

Baba, Mwangi, alikuwa kizuizini. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Askari walimchukua asubuhi pamoja na wanaume wengine wa shamba la kahawa tulikokaa, upande wa Ruiru, Mama akiwa na mimba ya Karanja. Walimweka karibu kwanza, kisha wakampeleka mbali kaskazini, mahali tulipopajua kwa maneno mawili tu, joto na mchanga. Sisi tulibaki kwenye laini, vile vijumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari, Mama akichuma kahawa na Cucu akituangalia. Sitaki mtu adhani tulikuwa tukilia kila siku. Watoto hawawezi. Tulikuwa na mto wa kuogelea, tulikuwa na mapera, na tulikuwa na Cucu, ambaye alikuwa na hadithi nyingi kuliko usiku wa kuzisimulia.

Barua za Baba zilikuja kwa nadra. Ziliandikwa kwa Kiswahili ili wakubwa wa kule waweze kuzisoma kwanza, na kwa sababu hiyo zilikuwa fupi na za adabu kama barua za kuomba kazi. Kamau alizisoma kwa sauti, Mama akisikiliza huku anachambua maharagwe, na mwisho Mama alikuwa akisema, "Soma tena."

Kisha ikaja barua ambayo Mama hakusema isomwe tena. Baba aliandika kwamba amesikia kwa mtu aliyetoka pande zetu kuwa mtoto wake mmoja amefariki. Aliomba aambiwe ni yupi.

Hatukuwa tumefiwa. Ila pale shambani kulikuwa na Mwangi wawili, Baba na yule fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Fundi alikuwa amempoteza binti yake kwa surua. Habari ilisafiri kutoka mdomo hadi mdomo, na ilipofika kule kaskazini ilikuwa imemdondosha fundi njiani na kubaki na jina la Mwangi tu.

Kamau aliandika jibu siku hiyohiyo: sote wazima, aliyefiwa ni Mwangi fundi. Baada ya wiki nyingi Baba akajibu kwamba anatushukuru kwa kumhurumia, lakini yeye ni mtu mzima, tumwambie ukweli. Mama akatuita tuchore alama mwishoni mwa barua ya pili, kila mtoto yake. Karanja alishikwa mkono akachora kitu kama mdudu. Baba akajibu kwamba alama zote zile mtu mmoja anaweza kuzichora. Barua iliyofuata haikuwa na mwandiko wake. Rafiki yake wa kule ndiye aliyeiandika. Alisema Mwangi amekuwa mtu wa kukaa peke yake, chakula anakigawa, na usiku husikika akitaja majina ya watoto wake moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta lililokosekana.

Kamau alipomaliza kuisoma, Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema tutaenda Thika kupigwa picha.

Leo picha si kitu. Wakati ule, kwa watu wa laini, picha ilikuwa jambo la mara moja maishani kama si la kutokuwepo kabisa. Tulipiga makelele ya furaha. Lakini Cucu, aliyekuwa ameketi karibu na moto, alisema hapana, na alilisema kwa sauti ya chini iliyotunyamazisha sote.

Sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya kuhesabu. Kuwapanga watoto wote mstari mmoja, bila kumficha hata mmoja, na kuwafungia ndani ya karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuishika na kuwapitia kwa kidole, kwake hiyo ilikuwa ni kuhesabu kuliko kuhesabu kwenyewe. Tena pamoja na Mama tungekuwa saba, na saba kwa wazee wetu ilikuwa namba ya laana, namba ambayo Cucu hakuitamka hata akinunua ndizi. Sababu ya pili ilihusu kivuli. Kile kisanduku, alisema, kinakula kivuli cha mtu, na mtu asiye na kivuli hakai. Alimjua mwanamume wa rika la mume wake aliyepigwa picha ya kipande, kile kitambulisho cha serikali, na mvua zilizofuata hakuziona.

Mama alikuwa mtu wa heshima. Sikuwahi kumsikia akimpinga mama mkwe wake kabla ya jioni ile. Alimwita Maitu, kama anavyoitwa mama mzazi.

"Maitu," alisema, "nikimwacha hata mmoja nje ya picha, Mwangi atajua huyo ndiye aliyekufa."

"Basi usiende."

"Nisipoenda atakufa yeye. Umesikia barua."

Cucu alisukuma kuni ndani ya moto. "Huzuni aliyo nayo mwanangu ni ya uongo," akasema. "Siku atakayorudi itaisha. Unayotaka kuileta wewe ni ya kweli."

"Na kama harudi?"

Nilikuwa nimemlaza Karanja mapajani, na nakumbuka nilimziba masikio kwa viganja vyangu, ingawa alikuwa amelala na hata angekuwa macho asingeelewa neno. Tulienda kulala bila hadithi.

Asubuhi Cucu aliamka kabla ya wote, akapasha mafuta ya mbarika, akatupaka mmoja mmoja kuanzia utosini mpaka nyayoni. Hakutoa maelezo. Alipomaliza alitutemea mate kidogo kifuani, kama wazee wetu walivyobariki mtu anayesafiri, kisha akamwambia Mama kwamba atakuja nasi mpaka Thika ili aone lile jambo linafanywa namna gani. Lakini yeye mwenyewe, akasema, asiambiwe habari ya kukaribia kisanduku.

Kusafiri kulihitaji cheti. Karani wa shamba alikuwa mtu mpole aliyependa utani, na Mama alipokwenda kukiomba, Cucu alimfuata na kumsimamia karani mezani. Karani akauliza ni watu wangapi. Cucu akasema aandike mama, watoto wake na mama mkwe. Karani akasema serikali inataka namba. Cucu akasema serikali ikitaka namba ije iwaone watoto yenyewe. Karani aliandika alivyoambiwa na kutugongea muhuri, akicheka peke yake.

Siku hiyohiyo, Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, tulitembea hadi stesheni ya Ruiru tuking'aa kwa mafuta kama masufuria mapya. Mlangoni alisimama askari kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Alisoma cheti, akakigeuza, akakisoma tena.

"Watoto wangapi?" akauliza.

"Ni hawa," Mama akajibu.

Askari akanyoosha kidole aanze kuhesabu. Kufumba na kufumbua Cucu alinisukuma mimi upande wa kushoto, akamvuta Kamau kulia, akamweka Karanja chini, na Karanja, kama kawaida yake, akatoroka kuelekea relini. Mmoja wetu alimkimbilia, mwingine akamkimbilia yule anayemkimbilia. Askari alianza upya. Alifika nne, akarudi tatu, akafika tano akagundua mmoja amemhesabu mara mbili. Cucu wakati wote huo alikuwa akituita kwa majina ya watoto ambao hawakuwepo. Garimoshi likapiga honi. Askari akatazama angani, akaturudishia cheti, akatuambia tupite.

Ndani ya behewa Mama alitazama dirishani akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia. Nilipochungulia nikaona anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu barua ile.

Studio ilikuwa karibu na maduka ya Wahindi pale Thika, chumba kirefu chenye harufu ya dawa. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzee, mwembamba, kalamu sikioni, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani lakini cha upole. Alituonyesha lile pazia la ngazi, na mdogo wangu mmoja akajaribu kuzipanda akagonga pua. Cucu alikataa kuingia. Alisimama kizingitini, kiondo chake, kile kikapu cha kusuka, begani, mgongo wake ukiwa umekigeukia kile kisanduku chenye miguu mitatu na kitambaa cheusi.

Mhindi yule alikuwa mtu wa kazi yake. Alimketisha Mama, akampa Karanja, akatushika mabega mmoja mmoja akatupanga kwa urefu. Kila alipomweka mtoto mahali pake alirudi nyuma, akakunja jicho, akatazama. Aliporidhika aliingia chini ya kitambaa chake, akatoka, akatusogeza kidogo, akaingia tena. Alipotoka mara ya mwisho aliinua kidole, na kwa sauti ya mtu anayehakikisha kwamba hakuna aliyesahaulika, akasema, "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na mama, saba. Saba mzuri. Sasa hapana tingisika."

Kiswahili cha namba Cucu alikijua kwa sababu ya soko, na nilimwona akigeuka.

Mimi nilikuwa nimesimama mkono wa kulia wa Mama, nikitazama mlangoni moja kwa moja, kwa hiyo nililiona jambo lote. Na kwa sababu nimeishi nalo zaidi ya miaka sitini nitalieleza kama lilivyokuwa. Hakuruka. Hakupiga kelele, si wakati huo. Alimtazama Mhindi, akatutazama sisi, akatazama kile kisanduku. Alishusha kiondo begani akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mayai. Akajifunga vizuri shuka lake. Kisha akaingia. Alipita mbele ya kisanduku akiwa amekaza shingo kama anayepita karibu na ng'ombe mkali, akazunguka kiti, akasimama nyuma ya Mama. Niliusikia mkono wake begani kwangu. Ulikuwa unatetemeka.

"Sasa si namba ile uliyosema," akamwambia Mhindi kwa Kikuyu. Mhindi hakuelewa, akatabasamu, akashika mpira wa kisanduku, tayari kuubonyeza. Hapo ndipo hasira zikampanda Cucu. Aliinua mkono wa kulia akaanza kumweleza, kwa urefu, kwamba watoto wa watu hawahesabiwi, kwamba mama yake aliyemzaa alipaswa kumfundisha hivyo, kwamba yeye mwenyewe angejisikiaje kama watoto wake wangehesabiwa kama viazi.

Kisanduku kikalia tak.

Cucu akanyamaza. Alijipapasa kifua, akajipapasa shavu, akatutazama kama anayetuuliza kama bado yupo.

Mhindi alisikitika. Alimwambia Mama kwamba nyanya ametingisika, mdomo wazi, picha imeharibika, na kwa wema wake alikuwa tayari kupiga nyingine bila malipo. Mama alimtafsiria Cucu. Cucu tayari alikuwa amefika mlangoni na kiondo chake begani.

"Amechukua alichochukua," akasema. "Hachukui tena."

Na hapo ndipo mambo yalipoishia. Hatukuweza kupigwa tena bila yeye, kwa sababu bila yeye tulikuwa saba.

Wiki iliyofuata Kamau alikwenda kuichukua. Mama aliitazama picha ile karibu na dirisha, na nikaona uso wake ukianguka. Alikuwa ametaka kumpelekea mumewe kitu cha kumtuliza, watu safi waliotulia, na sasa alikuwa na picha ya ugomvi. Alisema inaonekana kama tunamdhihaki. Alikaa nayo siku tatu ndani ya Biblia. Siku ya nne akaitia kwenye bahasha, kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Sasa tukaanza kungoja, na Cucu akaanza kungoja kwake. Nililigundua kwa bahati. Asubuhi moja nilitoka nje mapema nikamkuta nyuma ya nyumba, jua likiwa limetoka tu, amesimama peke yake akitazama ardhi. Aliinua mkono wa kushoto, akaushusha. Akainua wa kulia. Akainama, akainuka. Nilidhani anacheza, nikacheka, naye akashtuka, lakini hakunifukuza.

"Njoo usimame hapa," akaniambia.

Nikasimama kando yake. Vivuli vyetu vililala kwenye vumbi mpaka kwenye ua wa michongoma, changu kifupi na chake kirefu.

"Wewe una macho mazuri," akasema. "Changu kikoje?"

Nilikitazama kwa makini, kwa sababu niliona ananiuliza kwa dhati. Nikamwambia kiko sawa.

"Hakijapungua?"

Nikamwambia labda kidogo upande wa kulia, kule kwenye mkono. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka kuonekana mwangalifu. Cucu alilifikiria jambo hilo, akaukunja na kuukunjua ule mkono.

"Kidogo si neno," akasema. "Kilichobaki kinatosha."

Tangu siku hiyo tulikuwa tukikikagua pamoja kila asubuhi kabla wengine hawajaamka, na ilikuwa siri yetu, Wairimu mkubwa na Wairimu mdogo. Siku za mawingu alikuwa mkali kwa kila mtu. Jua likitoka, hata mchana, alikimbia uani.

Barua ilikuja wakati wa mavuno ya kahawa. Ilikuwa na mwandiko wa Baba mwenyewe, na haikuwa ndefu kuliko zile za zamani. Alisema picha imefika. Alisema ameona kila mtu, na amemwona Karanja, na kwamba Karanja ana kichwa cha babu yake. Alisema anakula. Chini kabisa aliongeza: mwambieni mama yangu nimemsikia. Kamau alifikiri amekosea kusoma, akarudia neno hilo, lakini ndivyo lilivyoandikwa, nimemsikia. Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Cucu alitaka kujua kama Baba ameuliza habari ya kivuli chake. Kamau akasema hapana. Cucu akasema wanaume hawana mawazo.

Baba alirudi mwaka uliofuata, mchana, akitembea kati ya mistari ya mikahawa na mfuko mdogo mkononi. Karanja alimrushia jiwe. Siku chache baadaye, Baba alipokwisha kuzoea kulala ndani ya nyumba, alitusimulia habari za picha ile. Alisema walipomkabidhi bahasha aliogopa kuifungua. Alipoitoa picha hakututazama sisi kwanza. Jicho lake lilikwenda kwa mama yake, na moyo ukamwanguka, kwa kuwa alijua mama yake hangesimama mbele ya kamera akiwa na akili zake. Alidhani mama yake ameingia humo kumuaga kabla ya kufa. Kisha akaona ule mkono, akaona na mdomo. Akamjua. Alikuwa amegombezwa na mkono ule tangu utoto wake, na maneno aliyajua hata bila sauti. Alijikuta anacheka, peke yake, na watu wakaja kuona Mwangi anacheka nini. Ndipo akaanza kututafuta sisi, uso kwa uso, na kila mtu alikuwepo.

"Wangekuwa wametulia wote," alisema, "ningefikiri mmepangwa ili kunificha jambo. Lakini huwezi kumpanga mama yangu."

Picha hii mezani kwangu ndiyo ile aliyorudi nayo. Ililainika namna hiyo kwa sababu ilipita katika mikono mingi kule, maana wenzake waliiomba waitazame siku ambazo mambo yalikuwa mabaya.

Cucu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliona uhuru, aliona Kamau akioa, alinifungia mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Kila alipoumwa, hata mafua, alimlaumu Mhindi wa Thika. Hakupigwa picha nyingine. Sisi tulilifanya lile jambo kuwa kichekesho cha familia, na tulikisimulia kila Krismasi, kila mtu akiongeza chumvi yake, mpaka wakwe na mashemeji nao wakawa wanainua mkono wa kulia wakiigiza. Cucu mwenyewe alicheka nasi.

Nilichukua muda mrefu kuacha kuliona kama kichekesho tu. Nilikuwa nimeshakuwa mama siku nilipokumbuka jinsi ule mkono ulivyotetemeka begani kwangu. Mimi na ndugu zangu tulijua kile kisanduku ni kisanduku. Mama alijua, Mhindi alijua. Cucu hakujua. Kwake kilikuwa kinywa, na alikuwa ameona mtu akiliwa nacho.

Mjukuu wangu alikuwa amemaliza chai. Aliniuliza kama na mimi ninaamini mambo ya vivuli na kuhesabiwa. Nilimwambia siamini, na ni kweli, siamini. Naamini tu kwamba katika chumba kile, siku ile, kulikuwa na mtu mmoja aliyedhani anaweza kufa, na ndiye aliyeweka kiondo chini akaja kusimama nasi.